Mjomba Anasema Fizikia Haihesabiwi

Yeoville, Johannesburg
17 Februari 2025

Mpwa wangu Ariane,

Kama Mungu ana orodha ya watu wenye bahati, jina langu liko juu kabisa, na anayenifuata yuko mbali hata hatuonani. Mjomba wako amepata ofisi. Sikuiomba, simjui mtu, sikutoa hata soda. Nilikuwa napita zangu Parktown, kwenye shule kubwa ya udaktari, mzee mmoja mwenye miwani akanitazama akasema: wewe bwana una sura ya mtu anayewajua watu. Jumatatu iliyofuata nikakalishwa. Ghorofa ya saba. Kiti kinazunguka. Nikichoka kuangalia mashariki nageukia magharibi bila kuinuka.

Kazi yenyewe ni hii. Vijana wanaotaka kusomea udaktari wanaletwa mbele yangu mmoja mmoja. Nawatazama kuanzia mabegani hadi magotini, nawauliza mawili matatu, kisha natoa neno langu. Nikisema huyu hapana, basi hapana. Mimi huyu, niliyeachana na shule kule kwetu Buyenzi nikiwa darasa la nane kwa sababu mimi na mwalimu wa hesabu tulitofautiana kuhusu saba mara nane. Yeye bado yuko palepale na jibu lake.

Nimekuwekea picha nikiwa na koti jeupe. Usishangae mikono yake kunipita vidole. Huku wakubwa ndivyo wanavyovaa.

Mwambie mama yako, dada yangu Concilie, kwamba yule mdogo wake aliyeambiwa atakufa akiuza maji kwenye robot, pale magari yanaposimama taa ikiwa nyekundu, sasa anapeana mikono na maprofesa. Na wewe unayesoma sayansi hapo Dodoma, ukitaka udaktari, sema. Mlango uko wazi na mjomba amesimama kizingitini.

Mchana usinipigie simu. Ofisini hatupokei simu, tuna adabu zetu. Niandikie hapa kwenye barua pepe.

Ni mimi mjomba wako,
Herménégilde


Dodoma
22 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hongera sana. Mama nilimtumia barua yako, akaisoma mara tatu, halafu akatoka nayo. Mpaka jioni kanisa zima la pale Kigoma lilijua kuhusu kiti kinachozunguka. Alinipigia akicheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kujua nijibu kipi.

Umesema nikitaka udaktari niseme. Basi nasema.

Unajua matokeo yangu ya kidato cha sita hayakutosha udaktari hapa, ndiyo maana nikachukua digrii ya sayansi, biolojia na kemia. Sasa niko mwaka wa pili. Nimesikia kwamba huko Johannesburg kuna mlango wa pili kwa watu wenye digrii tayari. Wanaangalia kozi ulizosoma chuoni, na kama zinahesabika unaingia udaktari bila kuanza upya kama mtoto wa matriki, kidato chao cha mwisho. Huo ndio mlango wangu, mjomba. Sina mwingine.

Shida yangu ni fizikia. Kwangu ni kozi ya hiari, niliichagua mwenyewe kwa ujasiri wa kijinga. Semesta ya kwanza niliipita kwa maksi arobaini na moja, pua tu juu ya maji. Semesta ya pili inaanza mwezi ujao na ni ngumu zaidi, ina maabara kila Alhamisi. Inanivuta chini wastani wangu wote. Naruhusiwa kuiacha na kuchukua Utunzaji wa Mazingira, ambayo wenzangu wote wanapata A. Mwisho wa kubadilisha ni tarehe 11 Aprili. Baada ya hapo hakuna kugeuka.

Nikiiacha, wastani unapanda. Lakini kama huko fizikia inahesabiwa, nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Nimeuliza hapa, kila mtu ana jibu lake. Wewe uko ndani. Niulizie tu hilo moja: fizikia inahesabiwa au haihesabiwi?

Nitafanya utakavyosema.

Mpwa wako,
Ariane


Yeoville
5 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Swali lako nimelifanyia kazi kama kesi ya mahakama kuu. Sikumuuliza mtu mmoja, nimewauliza madaktari watano. Si madaktari wa zamani waliosahau walichosoma. Hawa wako masomoni sasa hivi, makoti yao bado yananukia upya.

Wa kwanza ni Fiona, mtoto wa Mrundi mwenzetu, amezaliwa hapahapa Berea. Kiswahili anakielewa chote ila anakujibu kwa Kiingereza, na ukimkasirisha anakujibu Kizulu. Nilimsimamisha mbele yangu, nikamwambia nyoosha mkono, sasa niambie, wakati unaomba nafasi walikudai fizikia ya chuo? Akasema hapana, malume, waliniuliza kemia na biolojia, basi. Malume ndiyo mjomba kwa lugha ya huku.

Wa pili akasema fizikia ameiona mara ya mwisho shuleni na hawajaagana vizuri. Wa tatu akacheka. Wa nne, kijana mpole anaitwa Jacques, akasema kwao kemia ndiyo mfalme, hayo mengine ni watumishi. Wa tano hakusema kitu kwa sababu nilikuwa nimeshika kola yake, lakini alitikisa kichwa, na kichwa cha daktari hakitikiswi bure.

Watano kwa sifuri, Ariane. Hata kwenye mpira wenye matokeo hayo wanaondoka uwanjani kabla ya filimbi.

Kwa hiyo iache hiyo fizikia. Achana nayo kama mimi nilivyoachana na yule msichana wa Bwiza aliyetaka nijue kuogelea. Chukua Mazingira, pata A yako, panda. Na siku ukifika hapa mimi mwenyewe nitakuvalisha koti la kwanza. Litakukaa mabegani kama umezaliwa nalo, kwa hilo naapa, na hilo nalijua kuliko profesa yeyote.

Mjomba wako wa ghorofa ya saba,
Herménégilde


Dodoma
29 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Jana asubuhi nilijaza fomu ya kuacha fizikia na mkuu wa idara ameshaisaini. Imebaki saini ya mwalimu mwenyewe wa fizikia, Mwalimu Vuai. Ni Mzanzibari, mkali wa kimyakimya. Aliiangalia fomu akaniuliza, "Nani kakushauri?" Nikasema mjomba wangu, yuko kwenye shule ya udaktari Johannesburg. Akasema, "Basi mimi nani." Akaiweka mezani kwake. Amesema ataisaini tarehe 11, siku ya mwisho, na siyo kabla, ili nisije nikasema alinisukuma.

Usiku wa kuamkia leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari. Ahsante mjomba. Ningekuwa peke yangu ningeendelea kuzama na ile fizikia mpaka mwisho.

Mama anauliza utume picha ya ofisi yenyewe, hasa kile kiti.

Ariane


Yeoville
2 Aprili 2025

Gustave ndugu yangu,

Tangu uhamie Pretoria cherehani yako imekaliwa na kijana asiyejua kucheka, kwa hiyo nakuandikia wewe. Nimefanya jambo. Usianze kutukana kabla hujafika mwisho.

Unamjua Ariane, mtoto wa dada yangu. Mwezi wa pili nilimwandikia kwamba nimepata ofisi kwenye shule ya udaktari. Ofisi, Gustave. Mimi ambaye nimepanga kona moja ya karakana ya watu hapa Doornfontein, katikati ya fundi viatu na mtu wa kuchomelea mageti, nashona makoti ya maabara ya wanafunzi. Nilitaka nizungumze kikubwa kidogo, nicheke, yaishe. Simu nikamkataza, maana angesikia vyerehani nyuma yangu. Kumbe mtoto akachukua neno langu akaenda nalo mpaka kwa mkuu wa idara.

Aliuliza kama fizikia inahesabiwa ukiomba udaktari na digrii. Nikawauliza wateja wangu, kila mmoja wakati nampima. Nikamjibu: haihesabiwi, iache. Nilikuwa na uhakika kabisa, hapo sikudanganya.

Jana Fiona kaja kuchukua koti. Nikamwambia, karibu dokta. Akasema, "Malume, kwa nini unaniita dokta kila siku?" Nikasema, kwa sababu nawaheshimu wasomi. Akacheka. Akataka nimdarizie jina la kozi yake juu ya mfuko, akaniandikia kwenye kikaratasi. Teknolojia ya Chakula.

Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

"Ninayosoma. Tunapima maziwa, unga, tunaangalia kama jemu ina matunda kweli."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa gani? Labda yale maziwa."

Gustave, nilikaa juu ya pini zangu na sikuzisikia. Nikafungua daftari la oda. Wa pili anasomea kutengeneza meno ya bandia. Wa tatu, rangi za nyumba. Jacques ni wa saruji, anavaa koti jeupe kupima saruji, eish. Wa tano bado sijampata na sitaki kumpata. Hakuna hata mmoja wa udaktari. Na hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyemwona kila mwenye koti jeupe nikamfanya daktari. Miaka sita nashona haya makoti, na miaka sita nimewaambia watu wa Rockey Street kwamba nusu ya madaktari wa nchi hii nimewavalisha mimi. Kumbe nimewavalisha watu wa jemu.

Tarehe 11 mwalimu anasaini fomu yake. Kama fizikia inahesabiwa, mtoto amekwisha, na aliyemmaliza ni mimi. Nirudishe vipi neno langu bila kuvuliwa nguo mbele ya dada?

Hermé


Sunnyside, Pretoria
3 Aprili 2025

Hermé,

Nimesoma mpaka mwisho, sasa natukana. Wewe ni mjinga, tena wa kujitolea, hata hakukulipa mtu.

Bon. Kwanza hujui bado kama fizikia inahesabiwa au la. Unalia msiba na hujaona maiti. Kutoka kwenye cherehani yako mpaka Parktown ni teksi moja, na ukikosa nauli ni miguu, saa moja, na tumbo lako hilo litakushukuru. Nenda kwenye shule yenyewe ya udaktari, uliza mtu anayehusika. Siyo mteja, siyo mlinzi, siyo mtu mwenye koti. Mtu anayekaa kwenye meza ya maswali.

Pili, mwambie mtoto ukweli. Unaniuliza urudishe neno lako vipi bila kuvuliwa nguo. Vraiment, kweli fundi cherehani anaogopa kuvuliwa nguo? Shona nyingine.

Lakini akikosa udaktari kwa sababu wewe ulitaka kiti kinachozunguka, hapo mimi na wewe hatuli tena sahani moja. Nasema hivyo na unajua napenda unavyopika ndizi.

Gustave


Yeoville
4 Aprili 2025

Mpwa wangu Ariane,

Mambo ya ofisi kubwa ni kama hali ya hewa ya Joburg, asubuhi jua, mchana mvua ya mawe. Jana kamati imekaa. Wazee wameamua kwamba fizikia, baada ya kufikiri sana, huenda irudi. Mimi mwenyewe niliinuka nikasema, jamani, watoto wa watu wameshajaza fomu. Wakasema, Herménégilde, tunakuelewa, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo kachukue ile fomu kwa Mwalimu Vuai, taratibu, bila kelele. Endelea na fizikia. Mazingira yatajitunza.

Picha ya kiti nitatuma. Wanakipaka mafuta.

Mjomba


Dodoma
6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Naomba usinione nakosa adabu.

Mwezi uliopita ulinitajia madaktari watano, mmoja kwa jina na mahali alipozaliwa. Leo unanitajia kamati isiyo na jina ambayo "baada ya kufikiri sana, huenda" imebadilika. Mjomba, mimi nasoma sayansi. Nikiandika "huenda" kwenye ripoti ya maabara narudishiwa karatasi.

Nimeshaanza kuhudhuria Mazingira wiki ya pili sasa. Nikiirudia fizikia ni mimi nitakayesimama maabara kila Alhamisi, ni mimi nitakayeona maksi ubaoni. Wastani wangu ukianguka hata huo mlango wa wenye digrii hawatanitazama. Na nikiiacha wakati inahesabiwa, ndiyo mwisho. Vyote viwili vinaniogopesha sawasawa. Siwezi kuchagua kwa kurusha sarafu kati ya barua zako mbili.

Kama ni kuchagua kati ya watano na "huenda", nawachagua watano. Fomu inabaki mezani kwa Mwalimu Vuai na Ijumaa itasainiwa.

Isipokuwa unitumie karatasi. Siyo maneno yako, karatasi ya shule, inayosema kozi gani zinahesabiwa. Uko ghorofa ya saba, nadhani haiwezi kuwa kazi kubwa.

Mama anakusalimu. Amemwambia na mama Hélène wa kwaya kuhusu ofisi yako.

Ariane


Yeoville
9 Aprili 2025, jioni

Ariane,

Karatasi hii hapa, nimeipiga picha pande zote mbili, na pale nilipokunja kona utanisamehe, nilikuwa nimeikumbatia. Isome kabla hujanisoma mimi.

Sasa nikueleze nilivyoipata. Jana niliamka mapema, nikafunga kazi, nikapanda teksi mpaka Parktown. Saa mbili asubuhi nimefika, foleni imeshazunguka nguzo. Mbele yangu baba mmoja wa Soweto na binti yake, vyeti wameviweka ndani ya mfuko wa plastiki kama wamebeba mayai. Tukagawana magwinya, yale maandazi yao makubwa, akanisimulia historia ya kila cheti. Tumesimama saa nne nzima. Kuna wakati mlinzi alipita akaniuliza kama nimekuja kutengeneza viyoyozi.

Zamu yangu ikafika. Dirishani yupo mama mmoja, miwani imening'inia kifuani, sauti ya mtu aliyeulizwa yote. Nikamwambia, mpwa wangu anasoma sayansi Tanzania, anataka kuja kwa mlango wa wenye digrii, naomba kujua kama fizikia inahesabiwa. Akaniuliza, "Anapata ngapi?" Nikasema arobaini na moja, na anataka kuiacha ili wastani upande.

Akaiinua ile miwani kutoka kifuani, akaivaa. Akasema, "Baba, nisikilize. Kozi ni ufunguo, wastani ni foleni. Asiye na ufunguo, hata tumpange wa kwanza kwenye foleni, mlango haufunguki." Akachukua kalamu akazungushia hapo unapopaona kwenye karatasi. Biolojia, kemia, fizikia, kila moja mwaka mzima, pamoja na maabara. Saa za maabara wanaziangalia moja moja. Bahasha isiyo na mojawapo inarudishwa kabla mtu hajasoma maksi.

Nikamuuliza tena, maana mimi nikishakosea mara moja nauliza mara tatu: arobaini na moja si aibu? Akasema amefaulu, na aliyefaulu amefaulu, halafu ana semesta nzima ya kuipandisha. Bora C ya fizikia kuliko A ya kitu ambacho hakipo kwenye orodha.

Ameniambia na machungu yake bila kuremba. Kuna mtihani wa kuingia. Nafasi za watu wa nje ni chache, mama yako asiuze kitu chochote kwa ajili ya matumaini. Lakini mlango upo, na ufunguo wako umebaki mmoja, nao uko mezani kwa Mwalimu Vuai.

Wale watano wangu hawakuwa wa udaktari, Ariane. Walikuwa wanafunzi wa mambo mengine, na mimi sikuuliza. Kosa ni langu lote. Kesho kutwa ni Ijumaa. Kachukue fomu yako.

Herménégilde


Dodoma
11 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeichukua.

Nilimpelekea Mwalimu Vuai karatasi yako nimeichapisha. Aliisoma yote, upande wa pili pia. Akauliza, "Mjomba wako kaipata wapi hii?" Nikasema amesimama foleni. Akaichana fomu vipande vinne, kwa mpangilio, kama anavyofanya kila kitu. Akasema niwe nakwenda ofisini kwake Jumamosi saa tatu, na nije na maswali, nisije na mjomba. Sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya leo.

Naogopa bado. Lakini sasa naogopa kitu kimoja, siyo viwili, na hicho kimoja kina kitabu.

Mjomba, mtu mwenye kiti ghorofa ya saba hasimami saa nne nzima chini dirishani na kuulizwa kama amekuja kutengeneza viyoyozi. Sikuulizi chochote. Mama sijamwambia na sitamwambia, ukipenda ibaki hivyo mpaka siku zote. Kwangu mimi mtu aliyesimama kwenye ile foleni anatosha, simhitaji wa kwenye kiti.

Ila kuna jambo linafaa ulijue. Akina mama watatu wa kwaya, mama Hélène akiwa mbele, wamempa mama matokeo ya watoto wao ayatume kwako uwaingizie neno. Jumatatu anakwenda posta.

Mpwa wako mwenye fizikia,
Ariane


Yeoville, Johannesburg
12 Aprili 2025

Dada yangu Concilie,

Nakuandikia wewe mwenyewe, na nimemwomba Ariane asinisaidie. Yeye amenifungulia mlango wa uani nitoroke, mtoto mwenye moyo mkubwa, moyo huo kautoa kwako. Nimeuangalia huo mlango usiku kucha. Ni mlango mzuri. Isingekuwa matokeo ya watoto wa mama Hélène na wenzake, ningeshapita.

Jumatatu usiende posta. Warudishie wenye vyeti vyeti vyao. Waambie karatasi aliyonayo Ariane ni ya kila mtu, wainakili, wampe kila mtoto anayesoma sayansi pale Kigoma, waangalie kozi zao moja moja kabla hawajaacha hata moja. Imeandikwa vizuri na haihitaji mjomba.

Unakumbuka Januari uliponipigia, ukanieleza mtoto wa jirani yenu Joël amekuwa meneja Nairobi, amemjengea mama yake ukuta na geti. Ukaniuliza, na wewe mdogo wangu, huko kwema? Hukuniuliza kwa ubaya. Nikakujibu nitakuandikia. Nilikuwa nimeshika mkasi, koti la mtu limelala mezani, na kusema kweli siku ile nilikuwa na furaha, nilikuwa nimepata oda ya makoti arobaini. Lakini oda ya makoti arobaini, ukiisema Kigoma karibu na geti la mtoto wa Joël, inakuwa ndogo. Nikatafuta kitu kirefu zaidi.

Nashona makoti ya maabara, dada. Doornfontein, kona ya karakana, karibu na mtu anayechomelea mageti. Nayashona vizuri. Kola zangu hazipindi. Wiki hii nimemaliza la Fiona, msichana wa maziwa, na juu ya mfuko nimemdarizia jina la kozi yake kwa uzi wa bluu. Mama yake alipiga picha, akalia. Naishi Yeoville chumba kimoja chenye dirisha, nakula, nalala, sidaiwi, na Jumapili naimba sauti ya tatu bila kukosea.

Mtoto wako nusura nimharibie maisha kwa maneno ya kujipamba. Hakuharibikiwa kwa sababu aliniomba karatasi. Mlee hivyohivyo, asiniamini mimi, aniombe karatasi.

Yaliyoandikwa kwenye barua ile ya kwanza uliyoisoma kanisani, mzee mwenye miwani, ghorofa ya saba, kiti, watu kungoja neno langu, hakuna hata moja la kweli. Sina ofisi. Hakuna aliyenipa. Nilidanganya.

Mdogo wako,
Herménégilde